Kiwanja cha Barabara ya Jogoo na Watu Wake

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukaishika Barabara ya Jogoo kuelekea mashariki, kabla hujaifikia mitaa ya Kaloleni na Makongeni utauona ukuta wa kiwanja cha mpira. Si kiwanja kikubwa. Chasemwa kuwa chaweza kuchukua watu 15,000 hivi, na wageni waliokwisha kuviona viwanja vya nchi nyingine hukipita bila kugeuza shingo. Lakini ni viwanja vichache vilivyobadilishwa majina mara nyingi kama hiki. Katika siku za ukoloni kiliitwa Kiwanja cha Waafrika. Kisha kikaitwa Kiwanja cha Barabara ya Donholm. Baada ya Uhuru barabara yenyewe ilipopewa jina jipya, kikawa Kiwanja cha Barabara ya Jogoo. Baadaye kikawa City Stadium, maana yake Kiwanja cha Jiji. Na mwaka 2019, alipofariki Joe Kadenge, mchezaji ambaye wazee husema hakuwa na mfano, wakuu wa kaunti ya Nairobi walitangaza kwamba kitaitwa kwa jina lake. Majina manne ya kwanza yalitaja mali ya mtu mwingine: kabila la watu, barabara, mji. La tano ndilo la kwanza kumtaja mtu aliyewahi kuupiga mpira juu ya majani yake.

Nataka tuulizane, mimi nawe, swali ambalo vitabu vya historia huliacha kando kwa sababu vinashughulika na magavana na vyama vya siasa: je, mpira wa mitaa hii ya mashariki, ambayo watu huiita Eastlands, uligharimiwa na nani? Na huyo aliyeugharimia alipata nini?

Yafaa tuanze na mitaa yenyewe. Nairobi ilianzishwa mwaka 1899 kuwa kituo cha reli, na tangu mwanzo Wazungu, Wahindi na Waafrika walitengwa kila watu mahali pao. Waafrika walisukumwa mashariki, upande wa chini, penye udongo mweusi ushikao miguu wakati wa mvua. Pumwani ukawa mtaa wa kwanza uliotambuliwa na serikali kwa ajili yao, mapema katika miaka ya 1920. Ikafuata Shauri Moyo, Ziwani, na Kaloleni ambao ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa msaada wa mikono ya mateka wa vita wa Kitaliano. Katika miaka ya 1950 ikaongezwa Bahati, Mbotela, Ofafa na mingineyo. Wengi wa waliokaa humo walikuwa wanaume waliowaacha wake na watoto wao mashambani, kwa sababu mshahara haukutosha watu wawili mjini, sembuse jamaa nzima. Mtu wa namna hiyo amalizapo kazi Jumamosi adhuhuri hana mlango wa kubisha. Basi huenda kiwanjani.

Baraza la mji lililitambua jambo hilo, na likalitumia. Baraza lilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, na faida ya pombe hiyo ikawekwa katika mfuko maalumu uliosemekana kuwa ni wa kuwasaidia wao. Katika mfuko huo zilitoka fedha za majumba ya mikutano, viwanja na mambo mengine ya starehe katika mitaa. Tazama hesabu hii, msomaji, maana ni ya ajabu: mfanyakazi alinunua kikombe cha pombe kwa senti zake, baraza likachukua faida, likamjengea mahali pa kuchezea, kisha likamwambia ashukuru. Kiwanja kilikuwa mali ya baraza. Aliyekilipia alikuwa mgeni ndani yake.

Wafanya biashara nao hawakuwa nyuma. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kikombe kilichoitwa Gossage. Watu wengi walilitamka jina hilo maisha yao yote wasijue asili yake. William Gossage lilikuwa jina la kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Kikombe kilikuwa tangazo la sabuni. Tanganyika iliingia mashindanoni mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Na kwa muda wa miaka 40 kila mtu wa Afrika ya Mashariki aliyezungumza habari za mpira alimtangazia mwenye sabuni bidhaa yake bila kulipwa hata kipande kimoja cha kufulia. Leo tukiona jina la kampuni katika kifua cha mchezaji hudhani ni jambo lililozaliwa juzi. Si la juzi.

Baraza lilikuwa na kiwanja na kiwanda kilikuwa na kikombe, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na timu ya kupendwa. Timu zilitoka kwa watu wenyewe, na zilitoka katika vyama vya kusaidiana. Ukifika mjini siku zile bila kazi, chama cha watu wa kwenu kilikutafutia pa kulala. Ukifa, chama kilichanga nauli ya kukurudisha kwenu ukazikwe. Chama kikubwa kilichojulikana sana kilikuwa Luo Union, chenye matawi katika Afrika ya Mashariki nzima. Waluhya nao walikuwa na vyama vyao, vingine vya nchi ndogo ndogo: Samia, Bunyore, Marama na kadhalika. Mkono uliochanga sanda ndio uliochanga jezi. Mkutano wa chama uliokwisha kuzungumza habari ya marehemu ulimalizia kwa kuuliza ni nani atakayelinda lango Jumapili.

Uwezo wa vyama hivyo usiudharau. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mmoja wa viongozi wa Luo Union, aliuawa kwa risasi katika mtaa wa Kaloleni. Baraza liliupa mtaa jina lake. Lakini Luo Union walichanga wakajenga huko Kisumu jumba kubwa la ukumbusho wake, nalo lipo. (Mtaa wa Mbotela nao umepewa jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa kile kitabu *Uhuru wa Watumwa* ambacho wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekisoma.) Watu walioweza kujenga jumba kwa michango ya shilingi moja moja wangeweza, nadhani, kujenga hata kiwanja. Jambo lililowazuia ni ardhi. Katika Nairobi Mwafrika hakuwa na ardhi yake. Alikuwa na chumba cha kupanga, na mara nyingi alikuwa na kitanda tu ndani ya chumba hicho.

Ligi ya taifa ilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru. Luo Union waliichukua mwaka 1964. Mwaka huohuo timu nyingi za Waluhya ziliunganishwa zikawa Abaluhya United, nayo ikatwaa ubingwa mwaka 1966 na 1967. Ndipo, mwezi wa Februari 1968, Luo Union na Luo Stars zilipoungana zikafanya klabu moja, ikapewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye hadithi za Kijaluo husema aliweza kujigeuza umbo apendavyo. Klabu hiyo changa ilitwaa ubingwa mwaka wake wa kwanza. Mpambano wa timu hizi mbili ulifanya Barabara ya Jogoo ijae watu tangu asubuhi. Upande mmoja nguo za kijani na nyimbo. Upande wa pili nguo za buluu na ngoma za isikuti. Watu waliuita mpambano huo wa mashemeji, na jina lilistahili, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Mtu akimtukana shabiki wa upande wa pili, huenda anamtukana mjomba wa watoto wake.

Wasiokuwa na kiingilio waliusikiliza mpira katika redio. Sauti ya Kenya iliupeleka mchezo hadi vijiji ambavyo havijaona kiwanja, na maneno ya mtangazaji, "Kadenge na mpira," yakaenea hata yakawa methali ya mtu anayefanya kazi yote peke yake. Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo ule wa Mbotela tulioutaja, alikuwa mmoja wa watangazaji waliopendwa kuliko wote. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kuzipatia klabu hizi watu wengi kama redio; wala klabu hazikuilipa, wala haikuzilipa.

Sasa fikiri juu ya mapato. Siku ya mechi kubwa fedha za mlangoni zilikuwa nyingi, lakini ziligawanywa: mwenye kiwanja alitwaa lake, chama cha mpira kikatwaa lake, na klabu zikapata kilichosalia, baada ya wale walioingia kwa kujuana na mlinzi wa mlango kuhesabiwa kuwa hawakuja. Kwa hiyo klabu zilizokuwa na watu hazikuwa na fedha. Wenye fedha walikuwa wengine. Kiwanda cha pombe kilikuwa na timu yake, Kenya Breweries, iliyokuwa bingwa mwaka 1977 na 1978. Mchezaji wa timu ya kampuni alipewa kazi, mshahara wa mwezi na matumaini ya uzeeni. Mchezaji wa timu ya watu alipewa wimbo. Naye wimbo ukiisha Jumapili jioni, Jumatatu kodi ya nyumba yadaiwa. Hata hivyo uwanja wa timu za kampuni ulikuwa mtupu wasipocheza na wenye watu, na jambo hili wenye kampuni hawakuweza kulinunua kwa bei yoyote.

Hapa nakuomba tuvuke bahari kidogo, tulinganishe. Unajua kwamba vijana wengi wa Kenya wamepata masomo ya juu Marekani kwa sababu ya mbio; Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Katika nchi hiyo michezo ya vyuo vikuu ina viwanja ambavyo havina kifani hata katika viwanja vyetu vya taifa. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan, kilichofunguliwa mwaka 1927, leo chachukua zaidi ya watu 107,000. Fedha za kukijenga zilipatikanaje? Mkuu wa michezo wa chuo, Fielding Yost, aliwakopa mashabiki wenyewe. Alitoa hati 3,000, kila moja ya dola 500, zenye faida ya asilimia 3 kwa mwaka. Na aliyenunua hati alihakikishiwa kwa miaka 10 haki ya kununua tikiti za mahali pazuri pa kutazamia. Mashabiki walikopesha, wakarudishiwa, na chuo kikabaki na kiwanja chake mpaka leo, kikivuna kila Jumamosi ya mchezo.

Sisemi kwamba watu wa Michigan waliwapenda wachezaji wao kuliko watu wa Kaloleni walivyowapenda wao. Hapana shaka mapenzi ya Kaloleni yalikuwa makali zaidi. Tofauti ni kwamba chuo kilikuwa na ardhi, vitabu vya hesabu na jina lisilobadilika, na mtu akitoa dola yake alipewa karatasi ya kumwonyesha anachodai. Mpenzi wa Gor Mahia au Abaluhya alitoa shilingi yake langoni, akapewa kipande cha tikiti kilichochanwa katikati. Hata Dar es Salaam, ambako mapenzi ya Simba na Yanga hayana tofauti na haya, klabu zilikuwa na wanachama wenye kadi na majumba yao wenyewe katika mji. Nafuu hiyo Nairobi haikuipata.

Mambo yakazidi kuwa magumu mwaka 1980, serikali ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe na majina ya kikabila yaondolewe. Luo Union, iliyokuwa imefufua timu yake na kutwaa kikombe cha klabu za Afrika ya Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, ikajiita Re-Union. Abaluhya ikawa All Footballers Co-operative Leopards, na ukitazama herufi za mwanzo utaona ujanja wake: A, F, C ni zilezile za zamani. Gor Mahia nayo kwa muda ilijulikana kama Gulf Olympic Rangers, na herufi zake zasoma G, O, R. Watu walicheka, wakaendelea kuimba majina yao ya siku zote. Lakini jambo moja halikuwa la kuchekesha. Vyama vilipovunjwa, uvunjikaji huo uliondoa pia ule mkono uliozoea kuchanga kwa utaratibu, wenye mweka hazina na daftari. Klabu zikabaki na mashabiki, zikakosa chama. Tangu hapo fedha zilitegemea tajiri fulani au mwanasiasa fulani, naye hutoa anapotaka, na hutoa zaidi uchaguzi unapokaribia.

Serikali nayo ilijenga viwanja vikubwa. Nyayo ulimalizika mwaka 1983, na Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa mwaka 1987 kwa Michezo ya Afrika. Mechi kubwa zikahama Barabara ya Jogoo. Mtu wa Makongeni aliyezoea kwenda kiwanjani kwa miguu sasa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi kabla hajafikiria kiingilio.

Alikwenda, hata hivyo. Mwaka 1987 Gor Mahia ilikutana na Espérance ya Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Kule Tunis walitoka mabao 2 kwa 2. Kasarani wakatoka 1 kwa 1, na kwa kuwa mabao ya ugenini yalikuwa na uzito zaidi, kombe likabaki Nairobi; nahodha Austin Oduor akaliinua. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la Afrika. Ukimkuta mzee wa Eastlands aliyekuwako siku hiyo, mwulize, nawe utaketi saa mbili.

Baada ya utukufu huo zikaja siku mbaya. Gor Mahia ilipata ubingwa mwaka 1995, na haikuupata tena hata 2013, miaka 18. AFC Leopards ilichukua wa 1998, kisha ikaanza kungoja. Katika miaka hiyo mabaya watu hawakuondoka, na karibu na mwaka 2010 walianza kurudi kwa wingi, vijana wengi wao wakiwa hawakuzaliwa mwaka 1987. Oktoba 23, 2010 timu hizi mbili zilikutana katika kiwanja cha Nyayo. Watu walisongamana langoni wakitaka kuingia, wakaanguka wakakanyagana, na watu 7 wakafa. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira. Katika hesabu yote ya gharama za mchezo huu, na tumetaja nyingi, hiyo ndiyo ambayo hakuna mweka hazina awezaye kuiandika.

Kisha wakaja wenye matangazo kwa nguvu mpya. Kampuni ya kubahatisha, SportPesa, ilizidhamini klabu zote mbili. Na kwa ajili yake Gor Mahia ilicheza na Everton ya Uingereza mjini Dar es Salaam mwaka 2017, na tena huko Liverpool katika kiwanja cha Everton chenyewe mwaka 2018. Wachezaji walipokea mishahara. Lakini Agosti 2019, baada ya ugomvi wa kodi na leseni kati ya kampuni na serikali, udhamini ulikatwa mara moja, na klabu zikajikuta kama mpangaji aliyefungiwa mlango. Waliokimbilia kuzisaidia ni walewale wa siku zote. Safari hii hawakupitisha kofia katika jukwaa, bali walituma fedha kwa simu.

Jambo la mwisho ninalotaka kukueleza ni la hati. Mwaka 2024 serikali ilianza kujenga kiwanja kipya cha watu 60,000 magharibi ya Nairobi, kiitwacho Talanta, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Na mwaka 2025 hatifungani za zaidi ya shilingi bilioni 44 za kukigharimia ziliingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Ni njia ileile ya Michigan, miaka karibu 100 baadaye: kukopa kwa hati. Lakini safari hii wakopeshaji ni mifuko ya fedha na matajiri, na kiwanja kiko upande wa mji ulio mbali na Barabara ya Jogoo.

Huko mashariki, tangu miaka ya 1970, kuna mashindano yanayoitwa Koth Biro, maana yake kwa Kijaluo ni "mvua yaja", kwa sababu huchezwa mwisho wa mwaka, majira ya vuli. Huchezewa Ziwani, katika kiwanja cha Umeme. Hakuna kiingilio. Wachezaji wa ligi kuu, ligi ikiwa mapumzikoni, huja kuchezea mitaa walikozaliwa, na kila timu huchangiwa na mtaa wake. Watazamaji husimama kandokando ya mstari, karibu sana hata mpira ukitoka hugonga magoti yao. Na mvua ikinyesha kweli, kama jina linavyosema, ule udongo mweusi hushika viatu vya mchezaji na vya mtazamaji sawasawa, na mchezo huendelea.